Nyumba Isizimike: Uzazi na Familia Katika Nchi ya Kiptere

Kiptere ni soko lililo magharibi mwa mji wa Kericho, upande wa Sigowet, kwenye njia inayotoka Kapsoit kuteremka hadi Sondu. Juu yake kuna baridi na chai. Chini yake nchi inashuka kwenye joto la Soin na bonde la Nyando, kwenye mahindi na miwa. Wenyeji wake wengi ni Wakipsigis, kundi kubwa kuliko yote ya Kalenjin. Historia ya familia katika nchi hii husimuliwa mara nyingi kwa hesabu moja tu: zamani watu walizaa sana, siku hizi wanazaa kidogo. Hesabu hiyo ina ukweli, lakini inaficha jambo kubwa kuliko yenyewe. Kuamua juu ya watoto hakukuanza siku kidonge cha kwanza kilipofika zahanati. Uamuzi ulikuwepo tangu kale, ukiwa na kanuni zake, walinzi wake na adhabu zake. Kilichobadilika ni mwenye kuamua.

Zamani iliyoamua ni nyumba, na neno hili lichukuliwe kwa uzito wake wa Kikipsigis. Mwanamume mwenye wake watatu hakuwa na familia moja bali nyumba tatu. Kila mke alikuwa na kibanda chake, shamba lake la wimbi na ng'ombe waliotengwa kwa jina lake. Mahari ya binti ilirudi kwenye nyumba ya mama yake, ikatumiwa kumwolea kaka yake wa tumbo moja. Mtoto wa mke mwenza hakuwa na haki nayo. Kwa mpango huo kaka na dada walihitajiana kwa namna ambayo mgeni hakuiona haraka. Nyumba yenye wana bila mabinti ilikosa ng'ombe wa kuolea. Nyumba yenye mabinti bila wana ilijaa ng'ombe wasio na wa kuwarithi. Idadi ya watoto peke yake haikutosha kuwapa wazazi utulivu. Walitaka mchanganyiko ufaao, na walitaka katika kila nyumba awepo angalau mwana mmoja wa kubaki na boma la mama yake.

Mengi kati ya haya yaliandikwa na watu wawili waliokaa karibu na wenyeji katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi Kericho kwa miaka mingi na kuoa katika jamii hiyo, aliacha maandishi yaliyochapishwa kuwa kitabu baada ya kifo chake. J. G. Peristiany, mwanaanthropolojia, alitoa kitabu chake juu ya taratibu za Wakipsigis mwaka 1939. Wote wawili waliikuta jamii ikiwa tayari imeguswa na kodi na mashamba ya wazungu, lakini wazee waliowaeleza mambo walikuwa wamezaliwa kabla ya hayo yote.

Mtoto alikuwa pia mlango wa kurudia wafu. Baada ya kuzaliwa, wanawake wazee walikusanyika na kuanza kutaja majina ya waliotangulia katika ukoo, mmoja baada ya mwingine, wakingoja mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati wa chafya ndilo lililokuwa lake, kwani mwenyewe alikuwa amekubali kurudi. Jina hilo la roho huitwa kurenet. Baadaye lilifuata jina la kila siku, lenye kumbukumbu ya saa au hali ya kuzaliwa: Kipkoech au Chepkoech kwa aliyekuja alfajiri, Kipngetich kwa aliyekuja ng'ombe wakipelekwa malishoni, Kibet na Chebet kwa wa mchana, Kiprotich na Cherotich kwa wa saa ya ng'ombe kurudi, Kiplangat na Chelangat kwa wa jioni, Kiprop na Cherop kwa wa siku ya mvua, Kipruto na Cheruto kwa aliyezaliwa mama akiwa safarini. Mvulana akishapita jandoni aliitwa kwa jina la baba yake likitanguliwa na arap. Hapo ndipo ukali wa kukosa mtoto ulipoonekana wazi: mtu asiye na mwana hakuwa na wa kuitwa arap kwa jina lake, na asiye na uzao hakuwa na watu wa kumtaja siku ya chafya. Alikufa kifo cha pili.

Hata hivyo haikuwa nchi ya kuzaa ovyo. Mama alinyonyesha miaka miwili na zaidi, na mimba iliyokuja kabla mtoto aliyetangulia hajaimarika ilileta aibu kwa mume na mke pia. Kuoa wake wengi kuliufanya utaratibu huo uwezekane, maana mume alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda. Mama mkwe na wanawake wazee wa kokwet, yaani ujirani wenye baraza lake, walikuwa macho. Wao ndio waliokuwa huduma ya kupanga uzazi ya wakati wao, na ni haki kusema kwamba waliifanya kazi hiyo kwa ufanisi, ingawa hakuna mwanamke aliyeombwa maoni yake.

Walinzi hao walikuwa na upande mgumu pia. Msichana hakuruhusiwa kupata mtoto kabla ya kupita tumdo, sherehe ya kuingizwa utu uzima, ambayo kwa wasichana iliambatana na kukeketwa. Maandishi ya mapema juu ya jamii za Kalenjin yanaeleza kwamba mtoto aliyezaliwa na msichana ambaye hajapita tumdo hakuachwa aishi. Habari hii husemwa kwa sauti ya chini katika familia nyingi, lakini historia ya uzazi ya nchi hii haiwezi kuandikwa bila hiyo. Nyumba iliyojali sana mtoto wake halali ilikuwa tayari kumkana kabisa asiye halali.

Palipokosekana mtoto, kulikuwa na njia kadhaa. Mtu aliweza kuingizwa katika ukoo kutoka nje: koo kadhaa za Wakipsigis husimulia asili yao upande wa Gusii, ng'ambo ya mpaka, ambako wakati wa njaa watoto walihamia kwa wenye chakula na kulelewa kuwa Wakipsigis kamili. Mume aliweza kuoa mke mwingine. Lakini kuoa mke mwingine kuliisaidia nyumba nyingine; nyumba ya yule asiye na mwana ilibaki vilevile. Kwa ajili yake kulikuwa na kitunji toloch, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke.

Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa bila kupata mwana alitoa ng'ombe wa nyumba yake akamwoa msichana. Mahari ilitolewa kama kawaida, sherehe ikafanywa kama kawaida, na tangu siku hiyo yule mwanamke mkubwa alihesabiwa kuwa mume. Hapakuwa na uhusiano wa kimwili kati yao. Mke alizaa na mwanamume aliyekubaliwa, ambaye hakuwa na dai lolote juu ya watoto: hawakuitwa kwa jina lake wala kurithi kwake. Watoto walikuwa wa nyumba iliyolipa ng'ombe, na wana walirithi mali ya nyumba hiyo kana kwamba yule mama mkubwa amewazaa mwenyewe. Kwa majirani Wanandi, wenye desturi hiyohiyo, mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler alieleza mwaka 1980 jinsi jamii ilivyosisitiza kwamba mwanamke huyu sasa ni mwanamume, hasa katika mambo ya mali na urithi. Msisitizo huo unaeleweka: kama mali hupita kwa mume, basi anayeipitisha lazima awe mume.

Wageni wengi wameshangazwa na desturi hii, na wengine wameifanya kichekesho. Yafaa itazamwe kwa macho ya mwenye shida. Mwanamke tasa katika jamii nyingi za dunia alirudishwa kwao au aliachwa azeeke akiwa tegemezi wa watoto wa mke mwenza. Huku alikuwa na njia ya heshima, iliyotambuliwa na wazee, ya kuwa na wajukuu uwanjani mwake na kuwa bwana wa ng'ombe wake. Lakini njia hiyo ilijengwa juu ya mwili wa msichana mwingine, mara nyingi kutoka familia maskini, ambaye hakuchagua. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja.

Utawala wa Kiingereza ulifika kwa bunduki. Mwaka 1905 jeshi lilipelekwa kuwapiga Wakipsigis wa Sotik na kuwanyang'anya mifugo. Kodi ya kibanda ilifuata, na kwa kuwa ilihesabiwa kwa kibanda, mwenye nyumba tatu alilipa mara tatu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ekari 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Mradi huo ulianguka katika muda mfupi. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 ilipita mikononi mwa kampuni za chai, James Finlay na Brooke Bond zikitangulia, na vilima vya Kericho vikaanza kuchukua rangi viliyo nayo leo.

Nje ya mashamba hayo, kwenye ardhi waliyoachiwa, Wakipsigis walifanya jambo lililogeuza familia kuliko amri yoyote ya serikali. Walishika jembe la kukokotwa na ng'ombe, wakalima mahindi ya kuuza, wakajenga vinu vya kusagia vinavyozungushwa na maji ya mito, na tangu miaka ya 1930 wakaanza kuzungushia mashamba yao ua. Malisho yaliyokuwa ya wote yakawa ya fulani na fulani. Mtaalamu Robert Manners aliyachunguza mabadiliko haya na kuyaandika katika miaka ya 1960. Matokeo yake kwa uzazi yalikuwa ya pande mbili. Kwanza mtoto akawa na faida zaidi: shamba la mahindi lilitaka mikono ya kupalilia, kuvuna na kufukuza ndege, na mume mwenye wake wengi aliweza kulima zaidi. Kisha, kimyakimya, ua ukaweka kikomo. Ng'ombe huzaana, ekari hazizaani.

Kikomo hicho kilichelewa kuonekana kwa sababu watu walikuwa bado na mahali pa kwenda. Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis wa Abosi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alifuatilia familia zilizohamia huko kati ya miaka ya 1930 na 1949, katika ardhi iliyokuwa ya Wamaasai. Alikuta kwamba wanaume wenye ardhi kubwa walioa wake wengi na kupata watoto wengi, na kwamba mwanamke aliyeolewa mahali penye ardhi nyingi aliweza kuwalea wengi zaidi wakakua. Mahari wakati huo ilikuwa kama ng'ombe sita, mbuzi au kondoo sita na shilingi 800 hivi. Ardhi ilipozidi kubana, mahari nayo ikashuka, kwa maana uwezo wa vijana wa kulipa na faida ya kupata mke wa kulima vilipungua pamoja.

Ndani ya mashamba ya chai yalikua maisha ya aina nyingine. Kwa miaka mingi vijana wa Kipsigis waliidharau kazi ya kuchuma chai, wakamwachia mtu wa Kisii, Mjaluo na Mluhya aliyekuja kwa mkataba. Kampuni ziliwajengea wafanyakazi kambi, safu za nyumba ndogo zilizofanana, na baadaye zahanati, shule za msingi na vyumba vya kulelea watoto wachanga wakati mama yuko shambani na kikapu mgongoni. Familia ya kambini haikuwa na ardhi ya kugawa wala ng'ombe wa kuolea. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwajiri, na kazi ikiisha nayo imekwisha. Mtoto hapo hakuongeza shamba. Aliongeza kilo tu, kwa sababu malipo yalikuwa kwa kilo ya majani na mikono midogo ilisaidia kujaza kikapu cha mama. Malaria nayo, iliyozuka kwa mawimbi katika mashamba ya Kericho hasa wakati wa Vita vya Pili na mara nyingine katika miaka ya 1990, iliwachukua watoto ambao miinuko ya baridi ilidhaniwa kuwalinda.

Misheni zilikuja na mafundisho mengine ya familia. Willis Hotchkiss, mmisionari Mmarekani wa madhehebu ya Kikweka, alianza kazi katika nchi hii mwaka 1905. World Gospel Mission iliendelea baada yake, na kituo chake cha Tenwek karibu na Bomet kikawa hospitali ambayo tangu mwaka 1959, alipofika daktari Ernest Steury, ilikua kuwa mojawapo ya kubwa za misheni nchini. Africa Inland Mission ilikaa Litein, Wakatoliki wakajenga Kaplong. Makanisa yalimtaka Mkristo awe na mke mmoja. Shule ya serikali ya Kabianga, iliyoanza katika miaka ya 1920, na shule za bweni zilizofuata, ziliwaondoa vijana chini ya macho ya wazee kwa miezi tisa ya mwaka.

Hapa ndipo penye fundo la historia hii. Mke mmoja, nyumba moja, mume analala humo kila usiku: utaratibu wa kuacha nafasi kati ya mtoto na mtoto, uliotegemea nyumba nyingi na mama mkwe mkali, ukakatika. Maziwa ya kopo na uji vilifupisha muda wa kunyonyesha. Chanjo na dawa zilifanya watoto wengi zaidi wapone. Walinzi wa zamani walikuwa wameondoka na wapya hawajafika. Familia za watoto wanane, tisa, kumi kutoka kwa mama mmoja, ambazo leo huitwa za kizamani, kwa kiasi kikubwa ni za katikati ya karne ya 20. Bibi aliyezaa kumi kati ya miaka ya 1950 na 1970 alikuwa akifanya jambo jipya. Nyanya yake mwenyewe hangeruhusiwa na wazee kuzaa kwa haraka hiyo.

Hali ilikuwa hivyo nchi nzima. Chama cha kupanga uzazi kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1967 Kenya ikawa ya kwanza kati ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa serikali wa uzazi. Kwa miaka kumi mpango huo haukuonyesha matokeo. Uchunguzi wa 1977–78 ulikuta wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani, na ni wanawake saba tu kati ya 100 walioolewa waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3, wakiongezeka kwa karibu asilimia 3.8 kila mwaka. Vijijini maneno ya maofisa wa uzazi yalisikika kama maneno ya watu wasiojua nyumba ni nini. Tena miaka hiyo ilikuwa na matumaini: chai ya wakulima wadogo, chini ya shirika la KTDA lililoundwa mwaka 1964, ilikuwa ikienea Kericho na Bomet, viwanda vilijengwa Litein, Kapkatet na kwingineko, na ada ya madarasa ya kwanza ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1974. Chai huchumwa mfululizo mwaka mzima, na nyumba yenye watoto wanane ilikuwa na wachumaji wanane.

Ada ya shule ndiyo iliyougeuza moyo, pamoja na ardhi. Baba aliyepewa ekari kumi na mbili na kuzaa wana sita aligawa ekari mbili mbili. Kila mmoja wao akizaa wana wanne, mjukuu anapata nusu ekari, yenye nyumba, choo, ng'ombe mmoja na mistari michache ya chai. Hesabu hii haikuhitaji mtaalamu. Wakati huohuo mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwadai wazazi karakana, vitabu na vifaa, na tangu mwishoni mwa mwaka 1989 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Mtoto aliyekuwa mchumaji akawa mwanafunzi wa bweni, na bonasi ya chai inayolipwa kila Oktoba ikawa na mwenyewe kabla haijafika. Mama wa Kiptere aliyesema watoto wanne wanatosha alikuwa na shamba mbele ya macho yake, si bango la serikali.

Huduma nazo zikasogea karibu. Mradi wa afya ya jamii wa Tenwek, ulioanza katika miaka ya 1980, uliwafundisha watu wa kujitolea vijijini, wengi wao wanawake waliojulikana na majirani, kueleza habari za vyoo, chanjo, maji na uzazi. Hospitali ya misheni ya Kiprotestanti kugawa vidonge na koili kuliwapa Wakristo wengi ruhusa waliyoihitaji. Wakatoliki walifundisha njia ya kuhesabu siku. Sindano ya miezi mitatu ilipendwa kuliko zote, kwa sababu moja isiyoandikwa kwenye mabango: haionekani. Mwanamke aliweza kwenda soko la Jumamosi, akapitia zahanati na kurudi na kabichi, na mume asijue. Usiri huo ulikuwa na bei yake, kwani ulipogundulika ulileta ugomvi, lakini kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii uamuzi ulikuwa umemfikia mwanamke mwenyewe.

Takwimu za taifa za watoto kwa kila mwanamke zilishuka kwa kasi iliyowashangaza wataalamu: 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993, 4.7 mwaka 1998. Zikasimama kwa miaka kadhaa, kisha zikafika 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kupanga uzazi mwaka huo walikuwa 63 kati ya 100, na kijiti cha mkononi kilikuwa kimekuja kuifikia sindano. Kufunga uzazi kwa mwanamume kumebaki nadra sana. Mzigo wa kupanga umeachwa begani kwa mwanamke, kama ulivyokuwa mzigo wa kuzaa.

Sheria ilitembea kwa njia iliyopinda. Mwaka 1959, kabla ya uhuru, ilipitishwa sheria iliyomwezesha mama asiye na mume kumdai baba wa mtoto matunzo. Bunge la wanaume la Kenya huru liliifuta mwaka 1969. Kwa zaidi ya miaka 30 msichana aliyepewa mimba alikuwa na ng'ombe wa faini tu, kama wazee wa pande mbili walikubaliana. Na hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mama jukumu la kwanza iwapo wazazi hawakuoana. Katiba ya 2010 ndiyo iliyosema kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimpa binti haki sawa na kaka yake, ingawa katika vikao vingi vya ukoo hadi leo binti anayeidai huulizwa kwanza kama hajaolewa. Sera ya 1994 ilimruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Mtoto wake sasa hulelewa na nyanya, ambaye humwita wake, na mara nyingi huitwa kwa jina la babu wa upande wa mama. Pale ambapo zamani asingeachwa aishi, leo ameingia katika nyumba.

Kazi ya mshahara nayo ilikuwa na sheria zake. Mwaka 1976 mama mwajiriwa alipewa likizo ya uzazi ya miezi miwili yenye mshahara, lakini akipoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Kazi ya 2007 ilimpa miezi mitatu bila kupoteza kitu na kumpa baba wiki mbili. Mchumaji wa kibarua wa msimu yuko nje ya faida hizo kwa sehemu kubwa. Mwaka 2013 kujifungua katika hospitali za serikali kulifanywa bure, kisha kukawekwa chini ya mpango wa Linda Mama, na mkunga wa kijiji akabaki na kazi ya kusindikiza.

Kitunji toloch haikufa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, jaji akiwa Jackton Ojwang, iliamua mgogoro wa urithi wa mwanamke wa Kinandi aliyekuwa amemwoa mwanamke mwingine kwa desturi. Mahakama ilikubali kwamba ndoa hiyo ilikuwa halali kwa desturi yao na kwamba mke na watoto wake ni wa nyumba ya marehemu na wana haki ya kurithi. Katiba mpya ilikuwa imeshaeleza kwamba mtu ana haki ya kuoana na wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 ikarudia hivyo, bila kusema lolote juu ya mama mkongwe anayetafuta mrithi wa shamba lake. Kericho na Bomet nyumba za namna hiyo zipo bado, wengi wa wenyewe wakiwa wazee. Kwa wenye fedha kumefunguka mlango mwingine: mwaka 2006 walizaliwa Nairobi watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa mimba maabara. Gharama yake inaweza kuzidi thamani ya kundi la ng'ombe lililotosha kuoa mke wa nyumba.

Katika miaka ya karibuni limeanza kuulizwa swali ambalo lugha ya wazee haikuwa na nafasi yake: je, mtu aweza kuamua asizae kabisa? Wanaolijibu kwa ndiyo ni wachache, wengi wao wenye kazi Kericho mjini, Nakuru au Nairobi, na huwa hawalitangazi nyumbani. Wengi zaidi wanachelewesha tu. Wapo waliomaliza Chuo Kikuu cha Kabianga wakakosa ajira. Wapo akina mama waliokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani na kuacha watoto kwa kogo, yaani bibi. Mashine za kuchuma chai zimepunguza nafasi za vibarua, hata Mei 2023 hasira zikalipuka na mashine zikachomwa moto katika mashamba ya Kericho. Kijana wa kambini aliyekuwa na uhakika wa kurithi kikapu cha mama yake sasa hana uhakika hata wa kikapu.

Sherehe za koito, za kutoa mahari, zimezidi kuwa kubwa huku familia zikizidi kuwa ndogo: mahema, magari, maziwa ya mursik kwenye vibuyu vilivyopambwa, na wazee wakihesabu ng'ombe ambao nusu yao hulipwa kwa simu. Sehemu ya maneno yasemwayo hapo ni ileile ya wakati wa Orchardson, ya kuwaombea wawili hao uzao. Baada ya sherehe wanandoa hurudi kwenye nyumba yao ya kupanga, ambako idadi ya watoto imeshazungumzwa tangu uchumba, mara nyingi wawili au watatu. Na mtoto anapozaliwa hospitalini, cheti chake huandikwa jina la Kikristo pamoja na Chebet au Kiprotich. Akifikishwa kwa nyanya yake, majina ya wazee huanza kutajwa, na wote waliomo chumbani hungoja chafya.